Sura ya Tisa: Maneno Mawili ya Mwisho

Tevarris alirudi Jumatatu saa tano asubuhi na maua mkononi, na kabla hajafungua kinywa mchumba wake, Kiandra, akajua kwamba amefaulu.

Maua yenyewe yalikuwa ya dukani palepale hotelini, yamefungwa kwa nailoni, mawili tayari yamelaza shingo. Aliyakumbatia kifuani kwa mkono mmoja, kama anavyoukumbatia mpira wa Kimarekani aliomnyang'anya mtu, akasimama mlangoni anacheka. Mlango ule ulimtosha kwa shida. Tangu mechi ya Ijumaa Kiandra hakuwa ameyaona meno yake.

"Daktari ameniruhusu," alisema. "Matokeo ni yaleyale ya miaka yote, Mwalimu. Hakuna kilichopungua."

Mama yake Tevarris, Earline, alikuwa kwenye jiko dogo la chumba akikaanga kambare. Samaki hao alikuwa amewatoa Mississippi ndani ya sanduku la barafu, mwendo wa saa kumi na tano kwa gari, kwa sababu hakuamini kwamba watu wa kaskazini wanajua kufuga samaki. Aliweka uma chini, akafumba macho, akainua kiganja kimoja na kukitikisa taratibu, kama afanyavyo kanisani wimbo ukimgusa. Kisha akamwambia mwanawe avue viatu, zulia si la mama yake.

Kiandra naye alicheka. Aliyachukua maua, akatafuta cha kuyawekea, akapata birika la kahawa. Neno lile, yaleyale, lilikuwa limemchoma. Alama zile za miaka yote alizijua vizuri. Yeye ndiye aliyezipika.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, nyumbani, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Siku chache kabla, timu zote za ligi zilikuwa zimekaa siku tatu kuteua vijana wapya, na jikoni kwa Earline wakajaa jamaa, majirani na watu wa kanisani, macho kwenye televisheni. Majina zaidi ya mia mbili na hamsini yaliitwa. La Tevarris Moultrie halikuitwa. Jioni ya siku ya tatu watu walikuwa wameanza kuaga kwa sauti za msibani, shangazi mmoja akiifunika keki kwa foili, ndipo simu ikalia. Timu moja ya kaskazini ilitaka kumwona mazoezini. Haikuahidi kitu. Mtu asiyeteuliwa huingia kwa mlango wa nyuma, hupewa namba isiyotakiwa na mtu, na jina lake huandikwa kwenye utepe unaobandikwa kwenye helmeti, ili siku ya kumwondoa ubanduliwe tu.

Kabla hajasafiri, mchezaji mmoja mkongwe wa mji wao alimpa siri. Kila mwaka, kabla ya mazoezi kuanza, daktari humpima mchezaji kumbukumbu akiwa mzima. Husomewa maneno, akayarudia. Akigongwa kichwa hupimwa tena, na alama za leo zikalinganishwa na zile za uzima. Zikishuka, anakaa benchi. Na asiyeteuliwa akikaa benchi wiki mbili, akirudi anakuta kiti chake kimekaliwa. Kwa hiyo mwerevu hukosea makusudi siku ya kwanza, wala hakosei sana, maana watamshtukia.

"Wewe ni mwalimu," Tevarris alimwambia. "Nifundishe kukosea."

Kiandra alikuwa akifundisha darasa la nne. Alijua mtoto anavyokosea kweli na anavyokosea kwa kujifanya. Walikaa kwenye ngazi za mbele za nyumba ya baba yake, akatazama huku na huku, akachuma maneno matano kutoka kwa vitu vilivyowazunguka: kambare, ngazi, chumvi, kengele, pamba. Kambare kwa sababu viatu vya baba yake vilinuka bwawa la samaki alilofanyia kazi miaka thelathini. Kengele ilikuwa ya kanisa ng'ambo ya barabara, na pamba ilianzia nyuma ya kanisa hadi upeo wa macho. Alimfundisha kutaja matatu ya kwanza, kunyamaza, kutazama dari, kujikuna sikio, kisha kukata tamaa. Siku alipopatia sawasawa, Tevarris alimwinamia, midomo ikagusa sikio lake, akamnong'oneza mawili yaliyobaki.

"Kengele. Pamba."

Joto la pumzi ile lilimshuka Kiandra mpaka kwenye nyayo. Tangu hapo maneno hayo yakawa yao. Wengine huambiana nakupenda. Wao walisema kengele, pamba, kwenye simu, viwanja vya ndege, gizani, baada ya kila kipimo.

Baba yake, Mzee Cleophus, alikuwa pembeni akila tikitimaji kwa chumvi, akasikia yote. Hakuwahi kutaka binti yake aolewe na mtu anayejitafutia riziki kwa kupiga watu kichwa. Alitema mbegu, akasema, "Mtoto ukimfundisha kukosea, atafaulu." Wakamcheka.

Mwaka wa kwanza Tevarris alikatwa siku ya mchujo. Wa pili akakatwa tena, akarudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, mwili wa kugongwa na wenye majina. Wa tatu alipewa, kwenye mechi za majaribio tu, dakika chache za kukimbia na kujitupa mbele ya watu wakati mpira unapigwa mbali. Sasa, mwaka wa nne, mlinzi mkubwa wa safu ya pili alikuwa amekatika goti, na kocha alikuwa amemwambia Tevarris waziwazi kwamba kiti kile ni chake, akimaliza salama mazoezi ya Jumanne asubuhi. Saa kumi alasiri siku hiyohiyo orodha ya wachezaji ingefungwa.

Lakini Ijumaa aligongwa. Kiandra aliona kutoka jukwaani. Goti la mtu lilimpata ubavuni mwa helmeti, akalala kidogo, akainuka, akatembea kwa hatua za mtu anayejua aendako, mpaka kwenye benchi la wapinzani, akakaa. Watu walicheka uwanja mzima. Wenzake wawili walimfuata, wakamshika mikono kama bwana harusi, wakamrudisha.

Walikula wale kambare. Earline alikuwa na furaha ya kuongea, akapanga nani atapigiwa simu kwanza na nani atasubiri, hasa yule shangazi wa keki, asubiri mpaka Krismasi. Tevarris alimega mkate wa mahindi, akamtazama Kiandra kwa yale macho mazito ambayo hata baada ya miaka mitatu yalimfanya akunje vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Mpigie mzee," alisema.

"Mzee gani?"

"Mzee gani tena. Baba yako. Mwambie yule mpiga watu kichwa amepata kazi. Nataka nimsikie akikosa la kusema."

Earline aliacha kutafuna.

Mzee Cleophus alikuwa amezikwa mwezi Machi. Tevarris alisafiri usiku kucha kuja kumzika, akashika pembe ya mbele ya jeneza, upande wa kulia, na ndiye aliyemshika Kiandra kiuno pale kaburini. Suti aliyoivaa siku hiyo ilikuwa inaning'inia kabatini, hatua mbili kutoka pale walipokaa.

Kiandra alimwambia taratibu, kama anavyomwambia mtoto habari mbaya, bila kumwachia mkono. Alimwona akiipokea habari ile kwa mara ya pili. Uso ulivunjika, machozi yakajaa. Halafu, katikati ya machozi, akaona jinsi wanawake wawili wanavyomtazama, na hofu ikamfuta huzuni.

"Najua," alisema. "Nilikuwa natania."

"Mtu hatanii hivyo, Tev."

"Nimechoka tu. Sijalala."

Kiandra alisogeza sahani. Alitaja maneno matano, polepole, kama walivyofanya kwenye ngazi. Kambare. Ngazi. Chumvi. Kengele. Pamba. Akamwomba ayarudie.

Tevarris alitabasamu, akaegemea kiti. "Kambare," alisema. "Ngazi. Chumvi." Akatazama dari. Akajikuna sikio.

"Na yaliyobaki?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Matatu unasema, mawili unaacha."

"Daktari hayupo hapa. Niambie mimi." Aliinama mezani, akamgeuzia sikio lake. Alifumba macho kabisa. Alisubiri ile pumzi. Alisikia mafuta yakitulia kwenye kikaango na lifti ikipanda ukutani. Hatimaye akafumbua macho akamwona mchumba wake anayatazama maua ndani ya birika, midomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

"Unayo wewe," Tevarris alisema. "Yatunze."

Mchana wote ulikwenda kwa maneno. Kiandra alimsihi aende mwenyewe kwa daktari. Tevarris alimjibu kwamba siku moja si kitu, amekula mapigo miaka kumi na tano, hawezi kushindwa na asubuhi moja. Kiandra akamkumbusha kwamba asubuhi ile ni ya kugongana, si ya kutembea, na pigo moja juu ya hilo lingemfuta kabisa. Earline hakubisha kwamba mwanawe anaumwa. Hilo ndilo lililomtisha Kiandra. Alikuwa ameona, na alikuwa anaosha vyombo.

"Kesho saa kumi tu, binti," Earline alisema bila kugeuka. "Wakishaandika jina lake nitamlaza mwenyewe hata mwezi mzima. Wewe nyumba yenu ilikuwa na baba. Mimi huyu nimemlea kwa kuwaambia watu subirini, mtaona. Usiniaibishe siku moja kabla."

"Na akiumia kesho, Mama?"

"Mama utaniita ukishaolewa naye."

Tevarris alimfuata Kiandra dirishani, akamzungushia mikono kutoka nyuma, akaweka kidevu juu ya kichwa chake kama zamani. Alimwomba kitu kimoja tu, amwache apite kesho. Kiandra hakujibu. Tevarris akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo, akambusu kisogoni, akalala jioni ile akikoroma kama asiye na deni na mtu.

Jumanne, saa moja asubuhi, Kiandra alitembea kwa miguu mpaka uwanja wa mazoezi. Daktari wa timu, Lindqvist, mwanamke mrefu mwenye mvi, alimkuta kwenye kiti cha nje ya mlango wake.

Kiandra alisema yote kwa pumzi moja: ngazi, maneno matano, kujikuna sikio. Alisema kwamba alama za miaka minne ni za uongo na mwongo ni yeye. Alisema kuhusu baba yake. Daktari alisikiliza kalamu ikiwa imesimama hewani.

"Wewe ni nani kwake?" aliuliza.

"Mchumba wake."

"Atajua ni wewe. Siwezi kumficha."

"Najua."

Daktari akaweka kalamu chini, akatoka. Kupitia dirishani Kiandra aliiona namba hamsini na tisa ya Tevarris ikikimbia majanini, nyepesi, nzuri, ikimwendea mtu mzito wa mbele na kumwangusha kwa bega safi kabisa, na makocha wakipiga makofi. Halafu akamwona daktari anaingia uwanjani na viatu vyake vya ofisini, mkono juu.

Walimpima saa mbili nzima, kwa vipimo ambavyo hakuna mtu aliyemfundisha.

Saa tisa alasiri mlango wa chumba ulibishwa. Kila mchezaji wa hoteli ile alimjua mtu yule wa kofia ya buluu, mjumbe wa kocha, na siku ya mchujo hakuna aliyependa kusikia viatu vyake koridoni. Maneno yake yalikuwa yaleyale kwa kila mlango, na aliyasema akiangalia chini.

"Kocha anakuita. Chukua kitabu chako."

Kitabu cha mbinu za timu, ambacho aliyekatwa hukirudisha, kilikuwa juu ya friji. Tevarris alikichukua, akatoka. Earline alibaki amesimama katikati ya chumba na mkoba wake begani, kama anayengoja basi. Hakumtazama Kiandra hata mara moja kwa dakika arobaini.

Tevarris aliporudi hakuwa na kitabu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. Kiandra alingoja apige kelele. Hakupiga.

"Kocha ni mtu mzuri," alisema. "Alinionyesha karatasi. Jina langu lilikuwa la arobaini na nane. Lilikuwepo, Kiandra. Wamelipiga mstari, lakini linasomeka."

"Tev."

"Watu mia mbili na hamsini waliitwa, mimi nikaachwa. Sikulia. Leo kwa mara ya kwanza wameniita, ukaenda kunifuta."

"Ungekufa pale uwanjani."

"Ningekufa nikiwa nani? Ningekufa nikiwa mtu wa orodha." Alimtazama, na macho yale mazito hayakuwa na kitu chochote ndani. "Daktari anasema sichezi tena. Mahali popote. Anasema ingeonekana mwaka juzi kama alama za kwanza zingekuwa za kweli. Mwaka juzi, unasikia? Nilikuwa naumwa tangu mwaka juzi, na kila wakinipima napona. Mwalimu wangu alikuwa hodari."

Kiandra alipiga magoti mbele yake, akaikamata mikono ile. Alimwambia kwamba hilo atalibeba yeye maisha yake yote, kwamba asimsamehe kama hataki, ila amwache amuuguze. Tevarris aliitoa mikono yake kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama anayemfungua mtoto.

"Baba yako alikuwa na haki ya kunikataa," alisema. "Alimkataa mtu asiyefaa. Kosa ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia kuhusu binti yake."

Earline alikuwa ameshafungua kabati. Alikunja ile suti ya mazishi, akaiweka juu ya nguo begini, akafunga zipu. Kwa Kiandra alisema jambo moja tu, kwamba kituo cha basi kiko mtaa wa tatu, na kwamba kwenye gari hakuna nafasi. Gari lilikuwa lilelile lililowaleta watatu.

Waliteremka. Kiandra aliwafuata mpaka nje kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Jua la Agosti lilikuwa kali juu ya lami, na wachezaji wengine wawili walikuwa wakipakia mabegi yao bila kutazamana na mtu. Tevarris alifungua mlango wa mbele, akakaa, akaufunga. Earline akawasha gari.

Kisha mlango ukafunguliwa tena.

Tevarris alishuka, akarudi kwa hatua zile za mtu anayejua aendako. Kiandra aliona kwamba uso umebadilika. Hasira ilikuwa imeondoka yote, imefutika, na mahali pake palikuwa na yule kijana wa kwenye ngazi, mwenye haya na tabasamu la pembeni. Alikuja mpaka kwake. Aliweka kiganja nyuma ya shingo yake. Aliinama, midomo ikagusa sikio, na joto la pumzi likamshuka Kiandra mpaka kwenye nyayo, kama siku ya kwanza.

Kiandra alingoja. Pumzi iliingia, ikatoka. Ikaingia tena.

Tevarris akainua kichwa taratibu, paji la uso limekunjamana.

"Nilikuwa nataka kukuambia kitu," alisema. "Kilikuwa hapa hapa. Unakijua?"

Maneno mawili yalikuwa kwenye ulimi wa Kiandra. Kama angeyatamka, huenda Tevarris angebaki. Huenda angeshusha mabegi, akakaa naye, akampenda jioni ile nzima, mpaka mtu amkumbushe. Nyuma yake Earline aliteremsha kioo, akamwita mwanawe kwa jina lake lote, na Kiandra akakumbuka siku nyingine alipompa mtu huyu anachopaswa kusema na anachopaswa kuacha.

"Ulikuwa unaniaga," alimwambia.

"Aa." Uso wake ukakunjuka, kama mtu aliyepewa jibu akaridhika nalo. "Ndiyo. Kwaheri basi, Mwalimu."

Akarudi garini, akajifunga mkanda, na gari lilipokuwa linakata kona alimpungia mkono kwa furaha, mpaka mama yake alipomwambia jambo, ndipo mkono ukashuka.